Ruta Mpya Isipoungana na Intaneti: Maelezo kwa Makatibu wa Vyama vya Msingi

Chombo kiitwacho ruta si kigeni tena katika ofisi za vyama vya msingi, na sababu yake inaeleweka. Tangu mwaka 2024 minada ya ufuta na ya korosho imekuwa ikiendeshwa kwa njia ya kielektroniki kupitia Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Taarifa za vyama nazo hupelekwa kwa Tume ya Maendeleo ya Ushirika kwa kutumia Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, ambao kwa kifupi huitwa MUVU. Katibu wa Ikwiriri ambaye mtandao wake umegoma hulazimika kuchukua daftari la wakulima kwenda kutafuta duka la kompyuta, na huko akaandika namba za akaunti za wanachama mbele ya watu asiowajua. Namba moja ikikosewa malipo hukwama benki, na mkulima anayesubiri malipo hayo haulizi habari za ruta; anauliza fedha zake.

Kwa hiyo yafaa kila katibu aelewe chombo hiki kinafanya nini, ili kisipofanya kazi ajue pa kuanzia kabla ya kumlipa fundi au kununua kifurushi cha pili.

Jambo la kwanza kueleweka ni kwamba ruta ina kazi mbili, na kazi hizo hazitegemeani. Kwanza, huunganisha simu na kompyuta zilizomo ofisini kwa mawimbi ya waifai au kwa waya. Pili, huunganisha ofisi nzima na mtandao wa nje kupitia mnara wa simu au waya wa kampuni. Wazee wa Rufiji wanakumbuka kwamba kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, gari lililotoka Dar es Salaam liliweza kufika Ndundu salama na bado likalala pale pale kwa kukosa kivuko. Ndivyo ilivyo hapa. Simu inapoonyesha alama ya waifai, maana yake ni kwamba imefika ukingoni tu, yaani imefika kwenye ruta. Haina maana kwamba imevuka. Makatibu wengi hupoteza siku nzima wakibadilisha neno la siri la waifai, ilhali upande huo hauna kasoro yoyote.

Uchunguzi uanze na umeme. Ruta nyingi za ofisini hutumia umeme wa volti 12, na kiasi hicho huandikwa kwenye kibandiko kilicho chini yake. Kifaa cha kugeuzia umeme kinachokuja na ruta kisibadilishwe na cha redio au cha king'amuzi kwa sababu tu kichwa chake kinaingia. Volti ziwe zile zile, na ampea zisipungue zilizoandikwa. Ruta inayopata umeme hafifu huwaka taa vizuri, ikawadanganya watu, kisha hujizima na kujiwasha kila inapojaribu kuwasiliana na mnara, kwa kuwa wakati huo ndipo inapohitaji nguvu zaidi. Vyama vinavyotumia umeme wa jua, hasa katika vijiji vya delta, viangalie pia kwamba betri ya volti 12 inapochajiwa hupanda hadi volti 14 na zaidi. Ruta isifungwe moja kwa moja kwenye betri hiyo bila kifaa cha kusawazisha umeme.

Baada ya kuwashwa, ruta iachwe dakika tano bila kuguswa. Inashangaza ni matatizo mangapi hutokana na haraka.

Kisha zisomwe taa. Taa ya umeme ikiwaka na ya waifai ikiwaka, lakini ya mnara au ya intaneti ikawa nyekundu au imezimika, basi ukingo wa huku ni mzima na kasoro iko upande wa nje. Rangi hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, hivyo kijitabu kilichomo ndani ya boksi kisitupwe.

Sehemu inayostahili kutazamwa kwa makini kuliko zote ni kadi ya simu, ambayo wengi huiita laini, kwa kuwa ruta za maeneo kama Ikwiriri na Kibiti kwa kawaida hutegemea laini. Ruta izimwe kwanza, laini itolewe, iwekwe ndani ya simu ya kawaida yenye uwezo wa intaneti. Hapo simu itasema mengi. Ikidai namba ya siri ya kadi, basi na ruta nayo ilikuwa ikidaiwa namba hiyo bila mtu kujua; kadi ifunguliwe. Ikionyesha kwamba hakuna huduma, laini haijasajiliwa au imefungwa. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza nchini mwezi Mei, 2019, na laini ambazo hazikusajiliwa hivyo zilianza kufungwa baada ya tarehe 20 Januari, 2020. Laini ya zamani iliyokaa kabatini tangu siku hizo isitegemewe. Salio nalo liangaliwe, na muda wa kifurushi pia, maana kifurushi huisha kwa siku zake hata kama hakijatumika. Vile vile zipo laini zinazouzwa pamoja na ruta ambazo kampuni imezifunga zisifanye kazi katika chombo kingine. Hizo zikikataa ndani ya simu, si dalili ya ubovu.

Endapo laini inaleta intaneti ndani ya simu, basi laini ni nzima, kifurushi kipo na mnara unafanya kazi, na ruta yenyewe ndiyo ya kuchunguzwa. Endapo haileti, hapana haja ya kuigusa ruta kabla mambo ya laini hayajatengenezwa. Jaribio hili moja huigawa kazi nusu kwa nusu, tena halina gharama.

Ruta iliyonunuliwa mkononi au kuletwa na ndugu kutoka nje ya nchi ina matatizo yake. Huenda ilifungwa na kampuni iliyoiuza kwanza, ikawa haikubali laini ya kampuni nyingine. Huenda pia namba yake ya utambulisho, ile ya tarakimu 15 iitwayo IMEI, si halali. Tarehe 16 Juni, 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilifunga simu bandia kwa kutumia namba hizo, na ruta inayotumia laini nayo ina namba ya namna hiyo. Namba hiyo hupatikana kwenye kibandiko, na inaweza kutumwa kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 ili ihakikiwe. Kamati ya ununuzi ingefanya hivyo dukani, kabla ya kutoa fedha za wanachama.

Laini ikiwa nzima, na ruta ikionyesha kuwa imeupata mnara lakini intaneti haipiti, mara nyingi kasoro ni jina la lango la kampuni, ambalo mafundi huliita APN. Kila kampuni ya simu ina jina lake, na ruta mpya huenda ikawa na jina la kampuni nyingine au haina kabisa. Katibu afungue kivinjari cha kompyuta iliyounganishwa na ruta, aandike anwani iliyo kwenye kibandiko, ambayo mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.8.1, na ukurasa wa ruta utafunguka hata kama hakuna intaneti, kwa kuwa ukurasa huo umo ndani ya ruta yenyewe. Jina sahihi la lango huulizwa kwa huduma ya wateja ya kampuni husika, na liandikwe herufi kwa herufi kama lilivyotajwa.

Ikiwa ukurasa huo nao haufunguki, kompyuta haijafika kwenye ruta. Itazamwe anwani iliyopewa kompyuta: ikianza na 169.254, maana yake iliomba anwani na haikujibiwa na mtu, ikajipa yenyewe. Waya uchomolewe na kuchomekwa tena, au waifai iunganishwe upya. Pale ambapo ruta ya pili inalishwa kwa waya kutoka ruta ya kwanza, kosa la kawaida ni kuuchomeka waya katika tundu lolote lililo wazi. Upo mlango mmoja tu wa kuingizia mtandao, ambao huandikwa WAN na aghalabu una rangi tofauti na mingine.

Mahali pa kuweka ruta ni jambo linalodharauliwa. Ofisi yenye paa la bati na madirisha ya nondo na wavu wa chuma hupunguza nguvu za mawimbi ya mnara, na ruta iliyofungiwa ndani ya kabati la chuma pamoja na stakabadhi haiwezi kulaumiwa. Iwekwe juu, karibu na dirisha linaloelekea mnara, mbali na mizani ya kielektroniki na jokofu. Katika vijiji vya delta, ambako mnara unaweza kuwa mbali ng'ambo ya mikoko, kuisogeza ruta kutoka ukuta mmoja hadi mwingine huweza kuleta tofauti kubwa kuliko kununua ruta nyingine.

Anayejaribu kwa simu azime kwanza data ya simu yenyewe, la sivyo simu itatumia laini yake na kumfanya aamini kwamba ruta imepona. Na kompyuta ya ofisi iliyokaa muda mrefu bila umeme itazamwe tarehe yake. Betri ndogo ya ndani ikifa, kompyuta husahau mwaka, na kivinjari hukataa kufungua kurasa za benki na za serikali kikidai kwamba si salama. Intaneti ipo, ila kompyuta inadhani iko miaka kumi nyuma.

Lipo tundu dogo nyuma ya ruta ambalo hubonyezwa kwa sindano au kijiti. Tundu hilo halifanani na kuzima na kuwasha. Likibonyezwa kwa sekunde kumi hivi hufuta mipangilio yote na kuirudisha ruta ilivyotoka kiwandani, pamoja na jina la lango na neno la siri lililowekwa na chama. Mafundi wa mitaani hupenda kuanza na tundu hili; katibu asilikubali ila mwisho, na awe amekwisha nakili mipangilio.

Wakati mwingine hapana kosa lolote ofisini. Tarehe 12 Mei, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikadhoofika au kukosekana katika sehemu nyingi za Tanzania na nchi jirani. Ruta ilionyesha taa zake zote sawasawa siku hiyo. Kabla ya kufungua chochote, aulizwe jirani anayetumia kampuni ile ile, halafu anayetumia kampuni nyingine.

Yakishindikana yote hayo, kampuni ipigiwe simu. Mpigaji awe karibu na ruta, ikiwa imewashwa, na awe na karatasi yenye namba ya laini, namba ya IMEI, rangi za taa na yaliyokwisha kujaribiwa. Ataulizwa pia laini imesajiliwa kwa jina la nani, na hapa ndipo vyama vinapokwama. Laini iliyosajiliwa kwa jina la katibu binafsi ni mali yake machoni pa kampuni. Akihama au akiondolewa, chama hakiwezi kuirejesha wala kuifungua bila yeye. Laini ya ruta isajiliwe kwa jina la chama kwa kutumia hati zake za uandikishaji. Maneno ya siri ya ruta na ya waifai yafungwe katika bahasha ndani ya kasha la fedha, na bahasha hiyo itajwe katika hati ya makabidhiano kila katibu anapobadilishwa.