Kidudu cha kipindupindu na nyuzi zake mbili

Mama apikaye maharagwe na ndizi hateleki vyote pamoja. Maharagwe ni magumu, hutangulia motoni. Ndizi hungoja kando, zimekwisha kumenywa, mpaka maharagwe yaanze kulainika. Ndipo huteleka ndizi nazo, vyote vikaiva saa moja. Kidudu cha kipindupindu hufanya vivyo hivyo, ingawa hakina akili wala saa.

Kidudu hicho hakionekani ila kwa hadubini. Filippo Pacini alikiona mwaka wa 1854 huko Florence, Italia. Watu wa Kivu wanakijua kwa huzuni. Mwezi wa Julai 1994 wakimbizi wengi sana kutoka Rwanda walifika Goma, katika jimbo lile lile lenye Beni na Butembo. Maji safi hayakutosha. Kipindupindu kiliingia, na maelfu ya watu wakafa katika majuma machache.

Mbona huenea upesi hivyo? Kidudu hakina mume wala mke, hujigawa tu. Kimoja huwa viwili, viwili huwa vinne, na penye chakula tele haipiti hata nusu saa. Lakini kabla ya kujigawa, sharti maagizo yote ya uhai wake yanakiliwe, ili kila nusu ipate yake. Maagizo hayo yameandikwa, tuseme, kwa herufi, katika uzi mwembamba mno uitwao kromosomu. Bakteria wengi wana uzi mmoja. Kidudu hiki kina mbili: mkubwa wa herufi milioni 3 hivi, na mdogo wa milioni 1 hivi.

Uzi mkubwa hutangulia. Protini iitwayo DnaA hukusanyika mahali pake pa mwanzo na kuufungua. Kazi ya kunakili huanza hapo, ikienda pande mbili. Uzi mdogo hungoja. Ndani ya uzi mkubwa mna alama fupi, herufi 150 tu. Nakala ikiisha kuipita alama hiyo, ndipo uzi mdogo huanza, na zote mbili humalizika karibu wakati mmoja.

Mwaka wa 2016 wataalamu wa Taasisi ya Pasteur, Paris, walieleza jambo hilo. Waliisogeza alama karibu na mwanzo. Uzi mdogo ukaanza mapema. Waliiondoa kabisa, uzi mdogo haukunakiliwa vema, na vidudu vikarefuka kama kamba pasipo kugawanyika. Dawa ya kuizuia alama hiyo haijapatikana bado. Mgonjwa huokolewa kwanza kwa kunyweshwa maji safi yenye chumvi na sukari kwa kipimo.