Usiku wa Ijumaa ni Usiku Upi?

Leo tunazungumza na wale wanaofanya kazi pamoja ili mama mjamzito ajifungue salama: wauguzi, wahudumu wa afya ya jamii, wakunga wa jadi na manahodha wa boti. Wewe uliye nyumbani usiondoke, maana nawe huulizwa maswali haya.

Chukua mfano huu. Ni Jumamosi, saa mbili asubuhi, mama analetwa zahanati. Bibi aliyemsindikiza anasema chupa ya uzazi ilipasuka "usiku wa Ijumaa, saa nne". Muuguzi aliyetoka bara anahesabu: jana usiku, basi ni saa 10 tu. Lakini kwa wengi wetu huku Amu, siku huanza jua likitua. Usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, yaani Alhamisi usiku. Muda uliopita ni saa 34!

Hapo hakuna aliyedanganya. Kila mmoja amehesabu alivyolelewa. Lakini chupa ikikaa zaidi ya saa 18 tangu kupasuka na mtoto hajazaliwa, hatari ya maambukizi kwa mama na mtoto huongezeka, na huenda mama akahitaji dawa na rufaa bila kungoja. Aliyeandika saa 10 kwenye kadi atamwambia angoje. Na wenzake wa zamu ya jioni wataiamini kadi, maana kilichoandikwa huaminiwa kuliko maneno ya bibi.

Saa nayo ina mambo yake. Saa nne usiku ya bibi, daftarini ni 22:00. Anayeandika 4:00 amepoteza saa 6 nyingine.

Mama akipewa rufaa ya kwenda hospitali ya King Fahd mjini Lamu, nahodha naye ana saa yake, nayo ni bahari. Muuguzi aliyeko Siyu akisema "sasa hivi", nahodha hutazama maji. Yakiwa yamekupwa, njia ya kupita katikati ya mikoko haina kina, na toka kupwa hadi kujaa ni kama saa 6. Muuguzi humwona nahodha mzembe. Nahodha husema huyu hajui bahari. Mimi naona wote wana haki, ila wamechelewa kuzungumza. Nahodha apigiwe simu kabla barua ya rufaa haijaandikwa, aulizwe maji yanajaa lini. Naye aelezwe mama ana hatari gani, asiambiwe "haraka" tu.

Kuhusu ule usiku, swali moja latosha: "Bibi, ilikuwa kabla ya sala ya Ijumaa au baada yake?" Mrudilie alivyojibu, akubali, ndipo uandike tarehe na saa. Nawe unayemsindikiza mzazi, usisubiri kuulizwa. Sema, "Alhamisi usiku, kuamkia Ijumaa."