Kabla ya kushika bastola, shika vibandiko kwanza

Mtaani kwetu ukisikia mlio wa bastola hauulizi ni nani. Unalala sakafuni, unamvuta mtoto aliye karibu, unangoja. Baadaye ndipo mnatoka nje kuhesabiana. Kwa hivyo usidhani haya unaandikiwa na mtu aliyezaliwa akipenda bunduki. Mimi nilikuwa nazijua za aina mbili tu, ya karao na ya mwizi, na yoyote kati ya hizo ikichomolewa, raia ndiye hukimbia.

Kilichonifikisha kwenye uwanja wa kulenga shabaha ni ganji. Chuo niliacha mwaka wa pili, karo ikawa stori ndefu, nikabaki na kamera ya kuazima na ukurasa wa Instagram. Klabu moja ya wapenzi wa bastola ilikuwa inatafuta kijana wa kupiga picha za mashindano yao ya mwezi. Nikapanda matatu Jumapili asubuhi nikijiambia nitajificha nyuma ya ukuta, nipige picha, nilipwe, nirudi zangu. Tangu siku hiyo narudi huko karibu kila mwezi, na siku zingine kamera naiacha nyumbani.

Acha nikueleze mchezo wenyewe, maana ukisikia 'mashindano ya bastola' unaweza kufikiria ile ya Olimpiki, mtu amesimama mahali pamoja, amenyoosha mkono mmoja, anapumua polepole kama yuko kanisani. Huu ni tofauti. Hapa unakimbia. Unapiga magoti, unachungulia kwenye dirisha la mbao, unazunguka mapipa, unabadilisha magazini ukiwa mwendoni, na saa inakuhesabia. Shirika la kimataifa linalousimamia, IPSC, liliundwa 1976 mjini Columbia, Missouri, kule Marekani, na kiongozi wake wa kwanza alikuwa Jeff Cooper, aliyewahi kuwa mwanajeshi. Kauli mbiu yao ni maneno matatu ya Kilatini yenye maana ya usahihi, nguvu na kasi. Kuna mchezo mwingine wa karibu, IDPA, ulioanza 1996, ambao unakutaka ujikinge nyuma ya kitu unapolenga. Hapa Kenya ukiuliza wenye mchezo kuhusu viwanja, Kirigiti kule Kiambu hakukosi kutajwa. Jina Kirigiti lenyewe, kumbe, ni 'kriketi' iliyopita kwenye ulimi wa Kikuyu.

Sasa, kituo kimoja cha mashindano kiko hivi. Umewekewa shabaha za karatasi ngumu, rangi ya katoni, na vyuma vinavyopaswa kuanguka. Mnapewa dakika chache za kutembea ndani bila silaha, kila mtu akipanga atapita wapi. Hapa utacheka. Watu wazima, wenye vitambi na magari makubwa, wananyoosha vidole hewani wakinong'ona 'moja, mbili, dirisha, tatu, nne' kama watoto wanaocheza kalongo. Kisha unaitwa. Amri hutolewa kwa Kiingereza kilekile dunia nzima, na maana yake ni hii: jaza, jiandae. Uko tayari? Subiri. Halafu kifaa kidogo mkononi mwa msimamizi kinalia 'biiip', na kinaanza kusikiliza. Kila mlio wa risasi kinaunasa. Mlio wako wa mwisho ndio muda wako.

Nilidhani mshindi ni mwenye kasi. Wapi! Kila karatasi ina maeneo matatu. Katikati, A, ni pointi 5. Kwa bastola ya kawaida ya milimita 9, C ni 3 na D ni 1. Risasi ikikosa kabisa haupati kitu, halafu unakatwa 10 juu yake. Zipo pia karatasi za 'raia', watu usiopaswa kuwapiga, na ukigusa mmoja wao ni 10 nyingine chini. Jumla ya pointi zako inagawanywa kwa sekunde ulizotumia. Chukua kituo chenye karatasi 8, kila moja risasi mbili, na vyuma 2. Hiyo ni risasi 18, pointi 90 ukiwa malaika. Mwenye pointi 80 kwa sekunde 20 anapata 4. Mzee wa polepole aliyechukua pointi 88 kwa sekunde 27.5 anapata 3.2. Halafu kuna kijana wa mbwembwe aliyemaliza kwa sekunde 14, kila mtu akapiga makofi. Lakini alikosa mara tatu, na nne zikaingia C. Amebaki na 37, gawanya kwa 14, ni 2.64. Mzee wa polepole amempita akiwa anafuta miwani.

Lakini hesabu hiyo siyo iliyonishika. Kilichonishika ni kazi waliyonipa siku ya kwanza walipoona nimesimama tu na kamera. Mama mmoja wa makamo, msimamizi wa kituo, shati jekundu, kofia ya jua, akanitupia gurudumu la vibandiko vya rangi ya katoni. "Kijana, ukija hapa hatukai bure. Fuata nyuma yangu, nikishasoma tundu, wewe ziba."

Basi nikafuata. Mtu akimaliza kupiga, anaamriwa atoe magazini, aonyeshe chemba iko tupu, arudishe bastola kiunoni, ndipo uwanja unatangazwa salama na sisi tunaingia. Mama anasoma kwa sauti: 'Alfa mbili. Alfa, Chali. Alfa, kosa moja.' Anayeandika anaandika. Mpigaji yuko pale pale anaangalia, na kama hakubali anasema kabla sijaziba. Nikiziba, imeisha. Zilifyatuliwa kumi na nane, tunatafuta kumi na nane. Isiyoonekana nayo inaandikwa, kwa jina la aliyeifyatua.

Sijui kama unanielewa. Nimelelewa mahali risasi haina mwenyewe. Jirani yetu mmoja, nitamwita Mama Shiro ingawa si jina lake, alipigwa risasi ya paja jioni moja akitoka kununua maziwa. Hadi leo anachechemea. Alizunguka na makaratasi, ofisi hii imtume ile, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia ile ilikuwa risasi ya nani. Na mimi hapa, Jumapili, natembea na vibandiko nyuma ya mama wa kofia, tukilipatia kila tundu jina la mtu. Nilifika karatasi ya nne nikawa nimenyamaza.

Halafu nikaona jambo la pili. Kikundi chetu kilikuwa na wakili mmoja, mtu mzito, wale wa kuitwa mheshimiwa hata kama hajachaguliwa na mtu. Saa tatu na nusu asubuhi, kituo cha pili, akitoka dirisha la kushoto kwenda la kulia, kidole chake kilibaki kwenye triga. Hakufyatua. Mtutu ulikuwa umeelekea mbele vizuri tu. Ni kidole. Mama akapaza sauti: "Simama!" Wakili akaganda. Toa magazini, onyesha, rudisha. "Wakili, kidole chako kilikuwa ndani ukitembea. Leo umemaliza." Nikangoja ile Kenya ninayoijua: unajua mimi ni nani? Nipigie bosi wako. Wakili akasema, "Sawa, madam. Pole," akafungasha, akaenda zake. Ada amelipa, mafuta amechoma, na hakupiga hata robo ya mashindano.

Tumeona video za watu wenye vyeti wakichomoa bastola klabuni ama kwenye foleni ya magari kwa sababu ya kioo cha pembeni. Wale ni wengine. Lakini nakuambia ukweli, pale uwanjani mtu wa namna hiyo angemaliza siku yake kabla chai haijapoa.

Kwa hivyo ukitaka kuanza, anza na sheria hizo kabla ya kutamani bastola. Uwanja ni 'baridi': silaha ya kila mtu haina risasi na iko kiunoni ama ndani ya mfuko, hadi msimamizi akuamuru. Kuna meza moja pembeni, sehemu ya usalama, ambapo unaweza kutoa bastola na kuirekebisha, lakini hapo risasi haziguswi, hata zile za bandia. Mtutu haupiti nyuzi 90 kutoka mahali unapolenga, kushoto wala kulia, hata ukiwa unakimbia kurudi nyuma. Kidole kinakaa nje ya triga unapotembea na unapobadilisha magazini. Bastola ikikuanguka, usiiokote, msimamizi ndiye ataiokota. Moja kati ya hizo ikikushinda, unarudi nyumbani. Hakuna kadi ya njano.

Mama alinifundisha haya kwa bastola ya plastiki ya samawati, isiyoweza kufyatua kitu. Miezi miwili. Kuchomoa, kuelekeza, kutembea hatua tano, kurudisha. Nilidhani ni mchezo wa kitoto hadi aliponirekodi kwa simu yangu mwenyewe. Kidole changu kilikuwa kinaingia ndani kila nikigeuka kulia. Kila mara! Na ningeapa mahakamani kwamba kilikuwa nje.

Tuje kwa karatasi na pesa, maana najua ndiyo unangoja. Hapa Kenya silaha inaongozwa na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na cheti kinatolewa na Bodi ya Leseni za Silaha. Si haki yako kama kitambulisho. Lazima uwe na sababu nzuri, na sheria inataja waziwazi kwamba mlevi wa kupindukia ama mtu asiye na akili timamu hapewi. Utachunguzwa, na cheti cha tabia njema ni lazima. Mwishoni mwa 2018 serikali iliamuru kila raia mwenye silaha akaguliwe upya ndani ya siku 90, hata waliokuwa nacho miaka na miaka, kwa hivyo usidhani ukishapata umemaliza. Na tafadhali, akitokea msee wa mtaa akakuambia anaweza kukupatia 'haraka haraka', toka hapo mbio. Hata ile ya upepo usiagize mtandaoni kabla hujauliza Bodi.

Mimi cheti bado sina. Sijaomba. Sijaamua kama nataka kitu hicho kilale kwenye nyumba ya chumba kimoja yenye mlango wa mabati, na nafikiri hilo ni swali ambalo wewe pia ujiulize kabla ya lile la bei. Silaha ya mchezo siku sita na nusu za wiki si ya mchezo. Ni kitu cha kuibiwa, na cha kukufanya uwe unajibu maswali.

Bei nayo si ya mzaha. Kituo kirefu kinaweza kufika risasi 32. Mashindano madogo ya vituo sita, ukiweka wastani wa risasi 20, ni 120 kwa asubuhi moja, na kila moja ni pesa ya chapo dondo na zaidi. Bado hujafanya mazoezi. Ndiyo maana utawaona wengi wao ni watu wa mishahara. Vijana wa rika letu niliowahesabu pale ni wachache, na karibu wote walianzia nilipoanzia mimi, kwenye vibandiko. Siku ukifika kwenye bastola, usinunue ile ya lenzi na manjonjo ya filamu. Waambie unataka kuanzia daraja linaloitwa Production: bastola kama ilivyotoka kiwandani, milimita 9, mwisho risasi 15 kwenye magazini. Wenye uzoefu watakuambia vivyo hivyo, kisha watakuonyesha yao ya bei ya gari.

Mama Shiro nilimsimulia. Nilisita, lakini aliona picha kwa simu yangu akauliza hao ni kina nani. Nikamweleza vibandiko, hesabu, matundu. Akasikiliza hadi mwisho, anachambua sukuma.

"Na ile ambayo haikuonekana ilienda wapi?"

"Wanaiandika kosa. Wanamkata pointi kumi."

"Wanamwandika jina?"

"Eeh, jina."

Akaendelea kuchambua sukuma.

Mwezi huu mashindano ni Jumapili ya mwisho. Ukiamua kwenda kwenye klabu yoyote iliyo karibu nawe, piga simu kwanza, usitokee tu getini. Uliza kama wanapokea watazamaji, na useme uko tayari kuziba matundu. Vaa viatu vilivyofungwa na kofia yenye ukingo, maana maganda ya risasi yanaruka yakiwa moto na moja lilishaniingia kwenye kola. Miwani na vizuia sauti vya masikio usivitoe hata kidogo ukiwa karibu na kituo, hata kama unataka kupiga selfi. Beba maji. Na ukimwona mtu mzito wa suti ya michezo akiwa na gurudumu la vibandiko mkononi, akifuata nyuma ya mama wa kofia, huyo ni wakili wetu. Mwezi uliofuata alirudi na hakupiga. Alisema anataka kwanza atazame vidole vya wengine.