Mzee, tuambie ulichofanya

Aprili 1989, Philly Bongoley Lutaaya aliwatangazia wananchi wa Uganda kwamba ana Ukimwi. Wakati ule hapakuwa na mwanamuziki aliyependwa Kampala kumzidi. Alikuwa akiishi Sweden, na nyimbo za albamu yake ya Born in Africa zilikuwa zikipigwa kwenye mabaa na kwenye teksi za Kampala, zile ambazo Nairobi huitwa matatu. Hakuna Mganda maarufu aliyewahi kulisema jambo hilo hadharani kabla yake. Wapo waliokataa kumwamini. Walidai anatafuta soko la nyimbo. Kisha wakamwona anakonda. Miezi aliyobakiwa nayo aliitumia kuzunguka mashuleni na makanisani akiwaeleza vijana yaliyompata. Alifariki tarehe 15 Desemba mwaka huohuo, akiwa na miaka 38.

Mwanafunzi wa sekondari aliyemsikia mwaka ule sasa ana miaka zaidi ya hamsini. Ni mzee wa kanisa, ni mama wa kwaya, ni mwalimu mkuu, ni mjumbe wa kamati ya ujenzi wa parokia. Kizazi hicho ndicho kinachoitwa leo kusimama mbele ya vijana na kuwashauri, na ndicho ninachotaka kuzungumza nacho katika makala hii, kwa sababu kilirithi jambo kubwa na nahofia kinalikalia.

Uganda ni nchi ya watoto na vijana. Sensa ya mwaka 2024 ilihesabu watu milioni 45.9, na takriban nusu yao hawajafikisha miaka 18. Makanisa ya Kampala yanalijua hilo. Kuna ibada za vijana, kuna mikesha ya Ijumaa, kuna makongamano ya likizo, na mawaidha hayana upungufu: chagua mwenzi anayemcha Mungu, epuka makundi mabaya, soma kwa bidii, omba bila kukoma. Yote ni kweli. Tatizo ni kwamba hayana mtu ndani yake. Mzee hupewa kipaza sauti, akawaambia vijana kwamba ameona mengi, akatikisa kichwa, akanyamaza kidogo. Yale mengi unaweza kuyaona yakipita usoni mwake. Kisha anafungua Biblia na kuanza kuamuru, na katika yale mengi vijana hawakuonyeshwa hata moja. Kijana aliyekuja na deni la kubeti linalomnyima usingizi anarudi nalo nyumbani, akiamini kwamba katika ukumbi ule mzima ni yeye peke yake aliyewahi kupoteza fedha ambazo hazikuwa zake.

Haikuwa hivi siku zote, na ushahidi uko juu ya kilima cha Namirembe, hatua chache kutoka mjini. Septemba 1929, Joe Church, daktari Mwingereza aliyekuwa akihudumu katika hospitali ya Gahini, Rwanda, alikuja Kampala akiwa amechoka mwili na roho. Njaa ilikuwa imeua watu wengi kule, na imani yake ilikuwa imekauka. Namirembe akakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda msomi aliyekuwa mtumishi wa idara ya afya. Nsibambi naye alikuwa na lake. Miaka michache kabla ya hapo alitamani mno kupelekwa ng'ambo kusoma, asipate, na jambo hilo lilimuuma. Wawili hao walikaa siku mbili wakisoma Maandiko na kuomba pamoja, mzungu na mwafrika, katika enzi ambayo jambo hilo lilishangaza watu. Nsibambi aliacha kazi ya serikali, akawa anahubiri amevaa kanzu, miguu mitupu. Church alirudi Gahini. Uamsho uliotokana na mambo hayo ulivuka mipaka hadi Burundi, Kenya, Tanganyika na Kongo, na ndio uliotuletea watu tunaowaita walokole.

Leo mlokole ni mtu anayekataa pombe na kusema bwana asifiwe. Walokole wa kwanza walijulikana zaidi kwa jambo jingine, nalo lilikuwa gumu kuliko kuacha pombe: walisimama mbele ya wenzao wakataja walichofanya, kisha wakaenda kukirudisha. Watumishi wa hospitali walirudisha vitu walivyoiba. Watu walilipa madeni ambayo mwenye kudai alikuwa ameshayasahau. Kitendo hicho walikiita kutembea nuruni, na mkutano ukajibu kila ushuhuda kwa wimbo wa Tukutendereza.

Askofu Festo Kivengere, aliyezaliwa Kigezi, alisimulia kisa kimoja cha enzi hizo mara nyingi. Siku moja, katika baraza la mjomba wake aliyekuwa chifu, alifika mtu akiswaga ng'ombe. Akamwambia chifu: nilipokuwa nachunga mifugo yako niliiba, na hawa ndio ng'ombe wako. Chifu akauliza ni nani aliyemkamata. Akajibu kwamba Yesu ndiye aliyemkamata. Baraza lilikuwa limejaa watu na hakuna aliyecheka. Fikiria kijana aliyekaa pembeni mwa baraza lile. Hakuna aliyemhubiria kuhusu wizi. Alichokiona ni kwato, mavumbi, na mtu mzima aliyejishtaki mwenyewe akabaki na amani usoni.

Kivengere mwenyewe hakuokoka kwa mahubiri. Alikuwa mwalimu kijana, mlevi, amechoshwa na dini. Jumapili moja rafiki yake alimjia kwa baiskeli, akamwambia kwamba saa chache zilizopita amempokea Kristo kanisani, na sasa anaomba msamaha kwa mambo matatu aliyomkosea. Akayataja, moja baada ya jingine. Kivengere angeweza kulijibu hubiri. Alikuwa na majibu ya mahubiri yote. Mambo matatu yaliyotajwa kwa majina hakuyapatia jibu. Baada ya kuokoka, yeye naye alipanda baiskeli, akasafiri maili 50 kumwendea Mwingereza aliyekuwa akimchukia, akamwomba msamaha kwa chuki ile. Ni mwendo wa kutwa nzima, tena katika milima ya kusini-magharibi. Baadaye alifundisha shule huko Dodoma kwa zaidi ya miaka kumi, na Billy Graham alipohubiri Moshi mwaka 1960, sauti iliyomtafsiri kwa Kiswahili ilikuwa ya Kivengere.

Kuna sehemu ya maisha yake inayonigusa kuliko zote, na wakati huo alikuwa mzee tayari, tena askofu. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Kivengere na mkewe walitoroka usiku, wakavuka milima kwa miguu hadi Rwanda. Ijumaa Kuu ya mwaka ule aliketi kanisani London, na akagundua kwamba moyo wake umejaa chuki dhidi ya Amin, na kwamba chuki hiyo inamla. Angeweza kunyamaza. Nani angemlaumu? Dunia nzima ilikuwa upande wake. Alichofanya ni kuitaja chuki hiyo kuwa dhambi yake, akaiandika katika kitabu alichokichapisha mwaka uleule kwa jina la I Love Idi Amin. Waganda waliofiwa na ndugu zao wengi walikerwa na jina hilo, na sioni ajabu. Lakini kijana aliyekisoma alimpata askofu anayekiri hadharani jambo ambalo hakuna mtu angelijua kama asingelisema.

Kwa nini njia hii hufanya kazi? Sina haja ya kutegemea imani tu. Mwaka 2004 watafiti Rand Stoneburner na Daniel Low-Beer walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wao kuhusu sababu za maambukizi ya VVU kupungua Uganda katika miaka ya 1990. Waliilinganisha na nchi nyingine za ukanda huu, wakaona tofauti moja kubwa: Waganda walikuwa wakipata habari za Ukimwi kutoka kwa watu wanaowajua, marafiki na jamaa, zaidi ya kutoka redioni au kwenye mabango, na wengi walikuwa wanamfahamu kwa jina mtu aliyeugua au kufa. Habari iliyotoka kwa mtu mwenye sura ilibadili mwenendo. Lutaaya hakufanya kazi hiyo peke yake, lakini aliwapa wengi ujasiri wa kuanza kusema.

Sasa niseme na upande wa pili, maana kuungama hadharani si dawa isiyo na sumu. Katika uamsho ule walikuwepo waliogeuza ushuhuda kuwa mashindano, na walikuwepo walioungama dhambi za wenzao badala ya zao. Mwaka 1941, katika Chuo cha Askofu Tucker kule Mukono, wanafunzi walokole wakiongozwa na William Nagenda waliwashutumu wakubwa wao kwa kupoa kiroho na kuvumilia dhambi, na wakakataa kuacha mikutano yao ya maombi ya alfajiri. Wanafunzi 26 wakafukuzwa. Naamini wanafunzi wale walikuwa na hoja ya kweli. Naamini pia kwamba ulimi uliozoea kutaja uovu husahau upesi uovu wa nani. Na kuna jambo linaloumiza zaidi: majuto ya mzee mara nyingi yamebeba watu wengine ndani yake. Baba anayesimulia jinsi alivyomtelekeza mtoto aliyezaa nje ya ndoa anasimulia pia maisha ya mtoto huyo, ambaye labda ameketi safu ya tano. Ruhusa ya mtoto itangulie.

Padri Gideon Byamugisha alitufundisha jambo jingine la kuzingatia. Mkewe wa kwanza alifariki mwaka 1991. Mwaka 1992 Byamugisha, aliyekuwa mwalimu katika chuo kilekile cha Mukono, alipima akakutwa na VVU, akawaambia wakubwa wake. Ndiye kiongozi wa dini wa kwanza barani Afrika anayejulikana kutangaza hali hiyo. Kanisa halikumtupa, Dayosisi ya Namirembe ilimpa nafasi ya kuhudumu. Tangu hapo amerudia kusema kwamba VVU si kipimo cha dhambi, na kwamba aibu inaua watu kwa kuwafunga midomo wasipime na wasitafute dawa. Maneno hayo wazee wanapaswa kuyashika kabla ya kufungua vinywa. Si kila kilichotupata tulikitenda. Mama aliyeolewa akiwa na miaka 15 kwa amri ya baba yake hana cha kuungama, na asipelekwe jukwaani kulia kwa niaba ya aliyemkosea.

Lakini yapo tuliyoyatenda. Kampala ya leo imejaa watu wazima wenye habari ambazo vijana wanazihitaji mno. Yupo aliyeuza kibanja cha urithi ili anunue gari, na gari halikumaliza miaka mitatu. Yupo aliyetoa hongo apate kazi, akaishi miaka yote ya kazi hiyo akimwogopa aliyeipokea. Wapo waliokula fedha za chama cha akiba cha jirani zao na bado wanaimba kwaya moja nao. Wapo waliokuwa wakishinda kanisani siku saba za juma, wakajenga jengo la Bwana, na watoto wao wakakua bila kumjua baba. Hili la mwisho husikii likiungamwa kabisa, kwa kuwa linafanana na utakatifu, na kwa maoni yangu ndilo ambalo vijana wanaotumika makanisani wanapaswa kulisikia mapema kuliko yote.

Najua kinachowazuia. Ni heshima. Mzee wa Kiganda hupigiwa magoti na watoto wake. Akisema aliiba, nani atampigia goti tena? Sitamdanganya mtu kwamba hana cha kupoteza. Lutaaya alisemwa vibaya hadi watu walipouona mwili wake. Byamugisha aliingia mahali ambapo hakuna padri aliyewahi kupita. Walilipa, na walijua watalipa. Mawaidha ambayo hayakumgharimu msemaji chochote, kijana huyatambua kabla hata sentensi ya kwanza haijaisha.

Jukwaa kubwa pia silo mahali pa kuanzia. Kuanzia mwaka 1941 afya ya Nsibambi ilidhoofika, na akaishi zaidi ya miaka thelathini, hadi kifo chake mwaka 1978, akiwa mtu wa nyumbani tu pale Namirembe. Watu walimfuata kwa ushauri, mmoja mmoja na kwa vikundi vidogo. Sebule ile ilifanya kazi ambayo viwanja haviwezi kufanya, kwa maana mtu akikaa kwenye kiti cha karibu unaweza kumuuliza: wewe ulifanyaje?

Likizo ya Desemba inakuja, na makanisa yanapanga makongamano ya vijana. Nawaomba wanaopanga ratiba waondoe hubiri moja. Saa hiyo wapewe vijana kumi na wawili na mzee mmoja, katika chumba cha kawaida, baada ya mzee huyo kuzungumza kwanza na mkewe au mumewe, na watoto wake, kuhusu atakachokisema. Aeleze jambo moja, si maisha yote. Aseme alifanya nini, alimkosea nani, na amekwisha kurudisha nini. Kama hajarudisha, aseme atakwenda lini, na vijana wale wawe huru kumuuliza tena kabla ya Pasaka kama alikwenda.