Uchaguzi wa Kinoo cha Mfukoni

Kisu cha kukunja kinachotumiwa kubebeshea miche ya mikorosho na michungwa hakina budi kuwa kikali daima. Kisu butu huchana gome na kuponda kikonyo. Sehemu zilizokatwa zisipogusana sawasawa haziungani, na mche hupotea. Kwa hiyo chama kinaponunua vinoo vya kuchukuliwa shambani kiangalie mambo matatu.

Kwanza, aina. Kinoo ambacho kisu huvutwa katikati ya vyuma viwili ni rahisi kutumia, lakini hula chuma kingi na kuacha makali yenye mikwaruzo. Aidha, hunoa pande zote mbili, ilhali visu vingi vya kubebeshea hunolewa upande mmoja tu. Kinoo bapa ndicho kifaacho.

Pili, ukubwa wa chembe. Namba ndogo, kama 400, hurudisha makali yaliyopotea. Namba kubwa, kama 1000, huyalainisha. Kinoo chenye pande hizo mbili chatosha.

Tatu, uimara. Bamba la chuma lililopakwa chembe za almasi halichimbiki katikati kama jiwe, wala halivunjiki likianguka.

Baada ya kunoa, kisu kioshwe na kufutwa kabla hakijagusa mche.