Simba wa Zamani na Simba wa Sasa

Ya kale ni dhahabu, walisema wazee wetu. Lakini dhahabu nayo hupelekwa kwa sonara ikapimwa. Tangu Desemba 2024, ilipotoka filamu ya "Mufasa: The Lion King", ubishi umekuwa mmoja barazani: je, inaifikia "The Lion King" ya mwaka 1994?

Ile ya kwanza niliiona utotoni mjini Homa Bay, katika chumba cha video, tumejipanga chini kwenye majamvi. Wenzangu Wajaluo humwita simba "sibuor". Mimi, mtoto wa watu wa pwani, nilitamba kwa kuwa majina ya mle ndani yalikuwa ya kwetu: Simba, Rafiki, Pumbaa. Hata "hakuna matata" ilikwisha vumishwa na Them Mushrooms wa Mombasa katika "Jambo Bwana" ya mwaka 1982. Na James Earl Jones, aliyekuwa sauti ya Mufasa, aliponguruma, chumba kizima kilinyamaza.

Hii mpya, iliyoongozwa na Barry Jenkins, nimeitazama Migori pamoja na watoto wa jamaa zangu. Ndani yake Rafiki anamsimulia Kiara, binti wa Simba, habari za babu yake. Kumbe Mufasa hakuzaliwa mwana wa mfalme! Alichukuliwa na mafuriko, akapotezana na wazazi wake, akaokolewa na Taka, mwana wa mfalme wa kundi jingine. Taka huyo ndiye atakayeitwa Scar.

Kwa ufundi, msomaji wangu, ya zamani imeshinda. Simba wale waliochorwa kwa mkono walicheka na kulia waziwazi. Hawa wa kompyuta wana manyoya kama ya kweli, lakini nyuso zao hazisemi. Nyimbo za Lin-Manuel Miranda nazo hazigandi moyoni kama zile za Elton John na Tim Rice.

Kwa maana, hata hivyo, naipa ushindi hii mpya. Katika ile ya 1994, nchi ilikauka mpaka mrithi wa damu aliporudi, na Scar alikuwa mwovu tu, basi. Hapa tunaona hasada inavyoota. Taka alimpenda ndugu yake wa kulea. Sarabi alipomchagua Mufasa, mapenzi yakageuka sumu, akamsaliti kwa adui. Sisi tuliosimuliwa Habil na Kabil tunaijua njia hiyo. Mufasa naye akatawazwa na wanyama kwa matendo yake, si kwa nasaba.

Katika mkoa huo wa ziwa jambo hili si hadithi tupu. Mto Kuja ukifurika kule Nyatike, watu huhama makwao. Maji yalipomchukua mwanasimba yule, watoto niliokaa nao hawakucheka. Mmoja wao, anayelelewa na shangazi yake, aliniuliza kama kweli mtoto wa kuokotwa anaweza kuwa mfalme.

Wazazi, waonyesheni watoto zote mbili, ya zamani kwanza. Kisha waulizeni juu ya malezi: Taka alifundishwa ujanja na baba yake, Obasi, Mufasa, aliyedharauliwa na mzee huyohuyo, alifundishwa kuwinda na Eshe, mama yake Taka. Nyumba moja, wana wawili. Nani alimharibu Taka?