Bunduki ya Marisau kwa Ulinzi wa Nyumba: Bei Yake na Gharama Yake

Nyumba iliyojitenga, zizi lenye ng'ombe kumi na wawili, na kituo cha polisi kilicho mwendo wa saa nzima kwa pikipiki wakati wa kiangazi, sembuse masika: hayo ndiyo mazingira yanayomfanya mkazi wa kata afikirie kununua bunduki. Swali analolitanguliza huwa ni la bei. Hutaka kujua ni bunduki ipi iliyo rahisi na bado inafaa. Swali hilo ni halali, ila bei ya dukani ni sehemu ndogo tu ya gharama, na mnunuzi hana budi kupita mlango mwingine kabla ya kufika dukani.

Mlango huo ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya sheria ya mwaka 1991. Kwa mujibu wake, hakuna mwananchi anayeruhusiwa kununua, kumiliki wala kubeba silaha ya moto bila leseni. Mwombaji anapaswa kuwa ametimiza umri wa miaka 25, awe na akili timamu na mwenendo mwema, na awe amepata mafunzo ya kutumia silaha na kuthibitishwa kuwa anaimudu. Maombi huanzia pale anapofahamika zaidi, yaani kwenye serikali ya kijiji au ya mtaa, kisha hupanda hadi ngazi ya kata, Kamati ya Ulinzi na Usalama ya Wilaya na Jeshi la Polisi. Utaratibu huu hulalamikiwa kwa urefu wake, na wakati mwingine malalamiko hayo yana haki. Hata hivyo, kuanzia kijijini kuna maana yake. Majirani ndio wanaojua nani humpiga mkewe, nani hulewa kila mwisho wa juma, na nani ana ugomvi wa mpaka wa shamba usiokwisha.

Leseni hutolewa kwa jina la mtu, si kwa jina la kaya. Jambo hili halijulikani vya kutosha. Mume aliyepewa leseni akisafiri, mkewe au mwanawe hapati haki ya kuitumia silaha hiyo kwa sababu tu anaishi chini ya paa moja na mwenye leseni, wala mlinzi wa usiku hawezi kukabidhiwa bunduki ya bosi wake kama anavyokabidhiwa tochi. Kwa hiyo, familia inayojadili ununuzi ianze kwa kuuliza ni nani hasa huwa nyumbani usiku. Iwapo mwenye leseni hulala mjini siku nne kati ya saba, bunduki hiyo itakuwa ya kulinda nyumba kwa siku tatu tu, na kwa zile nne itakuwa mali ya kulindwa.

Baada ya hapo ndipo uchaguzi wa bunduki yenyewe unapoanza. Bunduki ya marisau, ambayo wengi huiita shotigani, hurusha chembe nyingi za madini ya risasi kwa mpigo mmoja badala ya risasi moja. Ukubwa wa mtutu wake hupimwa kwa geji. Namba ya geji ni idadi ya tufe za risasi zenye upana wa mtutu ambazo uzito wake kwa jumla ni ratili moja. Ndiyo maana namba ikiwa ndogo, mtutu huwa mpana: geji 12 ina kipenyo cha milimita 18.5 hivi, na geji 20 ina milimita 15.6. Geji 12 ndiyo iliyoenea zaidi duniani, na risasi zake ndizo zinazopatikana kwa urahisi. Kwa mtu mwenye kipato cha kawaida, upatikanaji wa risasi ni sababu nzito kuliko sifa nyingine zote, kwani bunduki nzuri isiyo na risasi madukani ni rungu la bei kubwa. Mtu mwenye umbo jembamba, ambaye bega lake haliwezi kuhimili msukumo wa geji 12, atafanya vyema kuchagua geji 20. Akiogopa msukumo hatafanya mazoezi, na asipofanya mazoezi hatalenga.

Kwa muundo, iliyo rahisi kuliko zote ni ya mtutu mmoja inayofunguka katikati. Huwekwa risasi moja, hufungwa, hupigwa, kisha hufunguliwa tena. Kiwanda cha Baikal cha Izhevsk, Urusi, kimetengeneza bunduki za aina hii kwa miaka mingi, na W. W. Greener wa Birmingham, Uingereza, alitengeneza za mtutu mmoja zenye muundo tofauti kidogo, ambazo hadi leo huonekana mikononi mwa baadhi ya walinzi wa zamu. Ya mitutu miwili hugharimu zaidi na humpa mwenyewe nafasi ya pili. Ya kukoki kwa kuvuta mkono wa mbele hubeba risasi kadhaa, lakini asiyeizoea huivuta nusu wakati wa hofu, nayo ikakwama. Kwa nyumba ya kijijini, ya mtutu mmoja au miwili inatosha. Ina sehemu chache za kuharibika, na ina faida nyingine inayosahaulika: ikifunguliwa, mtu yeyote aliye karibu huona kwa macho kama ina risasi au haina.

Bunduki iliyokwisha kutumika hupunguza bei, nayo huhitaji uangalifu. Ikiwa tupu na imefungwa, isitikisike kwenye bawaba. Ndani ya mtutu, ukiangaliwa dhidi ya mwanga, pasiwe na vishimo vya kutu wala sehemu iliyobonyea. Bunduki nyingi za zamani za Uingereza zilichongwa kwa risasi za urefu wa milimita 65, ilhali nyingi za leo ni za milimita 70. Risasi ndefu huweza kuingia katika bunduki ya zamani bila kuzuiwa, lakini inapolipuka ganda lake hukosa nafasi ya kufunguka, na mkandamizo ndani ya mtutu huongezeka kupita kiasi. Fundi mwenye kibali ndiye wa kuthibitisha kipimo hicho. Mauziano yenyewe ni sharti yapitie polisi na leseni. Karatasi iliyoandikwa mbele ya mashahidi wawili chini ya mwembe haihamishi umiliki wa silaha.

Gobole halimo katika hesabu hii, ingawa ndilo linalotajwa kwanza kila urahisi wa bei unapozungumzwa. Gobole la kuchongwa mtaani hutokana na bomba lisilojulikana uimara wake, nalo humpasukia mpigaji usoni. Kisheria ni silaha ya moto kama nyingine yoyote. Mashtaka ya kumiliki silaha bila leseni huunganishwa na Sheria ya Uhujumu Uchumi, Sura ya 200, na wapo waliohukumiwa miaka 20 gerezani kwa bunduki ambayo thamani yake haifikii ya mbuzi.

Wengi huamini kwamba marisau hayahitaji kulengwa kwa sababu hutawanyika. Kwa masafa ya ndani ya nyumba, imani hiyo ni potofu. Kwa makadirio ya kawaida, marisau hutawanyika sentimita mbili na nusu hivi kwa kila mita moja yanayosafiri, hivyo kutoka kona moja ya sebule hadi nyingine, mita tano, duara lake halizidi sana upana wa kiganja. Anayekosea kulenga hukosa kabisa, na yaliyokosa huendelea na safari. Marisau makubwa, yenye kipenyo cha milimita nane na ushee na yanayokaa manane au tisa katika risasi moja, hupenya mlango wa mbao, bati na ukuta mwembamba wa udongo. Nyuma ya ukuta huo mara nyingi ndipo watoto wanapolala. Marisau madogo ya kuwindia ndege hupenya kwa kiasi kidogo zaidi, ingawa kwa karibu bado huua. Kabla ya kuomba leseni, mwenye nyumba angefanya vema kusimama mlangoni mwa chumba chake usiku, mikono mitupu, na kujiuliza kila upande anaoelekea una nani.

Haki ya kujilinda imo katika Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, vifungu vya 18 hadi 18C. Mtu ana haki ya kujitetea, kumtetea mwenzake na kulinda mali yake, lakini kwa nguvu ya kiasi kinachohitajika tu, na anayezidisha huwajibika kwa kosa linalotokana na kuzidisha huko. Mwizi anayevunja mlango akiwa na panga mkononi ni jambo moja. Mwizi aliyekwisha kuruka ua na kukimbia, hata akiwa anaswaga ndama, ni jambo lingine, na risasi ya mgongoni humfikisha mwenye ng'ombe mahakamani kwa mauaji. Leseni ya bunduki pia si kibali cha kuwinda. Tembo au nyati akivamia shamba, taarifa hupelekwa serikali ya kijiji, afisa wanyamapori wa wilaya au TAWA.

Inabaki gharama ya kuitunza. Kabati la chuma lililofungwa kwa skrubu ukutani na kufuli imara huongeza kiasi kisichopuuzwa juu ya bei ya bunduki. Juu yake kuna ada za leseni, mafunzo, risasi za mazoezi na mafuta ya kusafishia. Hapa pana mgongano ambao hauna jawabu safi. Silaha iliyofungiwa, risasi zake zikiwa mahali pengine, haimdhuru mtoto wala haiibwi kirahisi, lakini haishikiki kwa sekunde kumi. Silaha iliyo tayari chini ya godoro hushikika upesi, na mtoto wa miaka sita hujua ilipo. Mwenye watoto nyumbani anapaswa kukubali zile dakika za ziada, na kuzinunua kwa njia nyingine: komeo la ndani, taa ya jua uani, mbwa, na simu za majirani wawili pamoja na Polisi Kata zilizokwisha kuhifadhiwa. Namba ya dharura ni 112. Vitu hivyo vyote kwa pamoja huenda visifikie bei ya kabati la chuma, na havihitaji leseni.

Silaha ikipotea au kuibwa, taarifa itolewe polisi mara moja, kwa kuwa kila tukio litakalofanywa kwa bunduki hiyo litaanza kufuatiliwa kwa namba yake na jina la mwenyewe. Mwenye leseni akifariki, bunduki haigawanywi pamoja na jembe na baiskeli katika kikao cha arobaini. Hukabidhiwa kituo cha polisi pamoja na risasi na leseni yake, na mkabidhi adai stakabadhi. Mrithi anayeitaka huanza maombi yake upya, kwenye ofisi ileile ya kijiji.